Bastola nafuu ya kulenga shabaha Marekani: bei ya dukani ni mwanzo tu

Kijana aliyetoka kijijini kwenda kusoma au kufanya kazi Marekani anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Amevaa miwani mikubwa ya plastiki, masikio ameyaziba, na mkononi ameshika karatasi yenye matundu. Siku hiyo alikwenda kulenga shabaha. Huku nyumbani maswali huanza hapo hapo. Kwani amekuwa askari? Bastola ameitoa wapi? Ni bei gani? Na je, ameruhusiwa?

Ni maswali ya haki. Huku kwetu bastola ni kitu cha polisi, mlinzi au jambazi, na si chombo cha mchezo. Kule Marekani watu wengi huishika siku ya mapumziko, wakatoboa karatasi kwa saa moja, kisha wakarudi nyumbani. Katika makala hii tunaeleza jinsi mtu wa kipato cha kawaida anavyochagua bastola ya mchezo huo, fedha zake zinakwenda wapi hasa, na kwa nini mgeni aliyeko kule kwa viza anapaswa kuuliza sheria kabla ya kuuliza bei.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kulenga shabaha ni kupiga risasi kwenye alama iliyowekwa umbali unaojulikana, kisha kuhesabu alama ulizopata. Karatasi huchorwa duara ndani ya duara, na kadiri unavyokaribia katikati ndivyo alama zinavyoongezeka. Mchezo huu umo katika Olimpiki tangu ile ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika Athens mwaka 1896. Wengi waliutazama kwa mara ya kwanza kupitia simu mwaka 2024, pale Mturuki Yusuf Dikeç, mwenye miaka 51, alipoonekana Paris akilenga huku mkono mmoja ukiwa mfukoni. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha kwa bastola ya upepo, umbali wa mita 10.

Marekani mtu hahitaji kuwa mwanamichezo wa Olimpiki ili aingie uwanjani. Haki ya kumiliki silaha imo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, na viwanja vya kulengea shabaha viko katika majimbo yote. Vingine ni vya nje, vyenye tuta kubwa la udongo la kuzuia risasi. Vingine ni vya ndani, vyenye kuta nene na mashine za kuvuta hewa. Mara nyingi ada huwa kati ya dola 15 na 30 kwa saa, na vingi hukodisha bastola kwa asiye na yake.

Hesabu ya pikipiki na petroli

Mtu anayeingia duka la silaha akiwa na fedha kidogo huanza na swali hili: ipi ni rahisi kuliko zote? Ni swali la mtu anayenunua pikipiki bila kuuliza inakula petroli kiasi gani. Pikipiki utainunua mara moja, lakini petroli utainunua kila siku. Kwa mlengaji, petroli ni risasi.

Tuchukue watu wawili. Mmoja amenunua bastola ya milimita 9, aina inayotumiwa sana na polisi na majeshi, kwa dola 300. Mwenzake amenunua bastola ya risasi ndogo za .22 kwa dola 400. Kila mmoja anakwenda uwanjani mara moja kwa wiki na kupiga risasi 100. Kwa wiki 50 za mwaka, kila mmoja amepiga risasi 5,000.

Bei za risasi hupanda na kushuka. Katika miaka ya karibuni, siku za kawaida, risasi moja ya milimita 9 ya mazoezi imekuwa ikiuzwa karibu senti 25 za dola, na ya .22 karibu senti 8. Piga hesabu. Wa kwanza ametumia dola 1,250 kwa risasi peke yake. Wa pili ametumia dola 400. Ukijumlisha na bei ya bastola, wa kwanza ametoa dola 1,550 na wa pili dola 800. Yule aliyenunua bastola ya bei ya chini ndiye aliyetoa karibu mara mbili ya mwenzake.

Tena bei za risasi zina misimu yake. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020 na 2021, Wamarekani walinunua silaha kwa wingi hadi risasi zikaadimika madukani, na za milimita 9 zikapanda zaidi ya mara mbili. Waliokuwa na bastola nzuri bila akiba ya risasi walikaa nyumbani wakiitazama, kama mwenye pikipiki siku ambayo kituo hakina mafuta.

Ndiyo maana walimu wengi wa mchezo huu humwambia anayeanza: nunua ile utakayoweza kuilisha.

Kwa nini risasi ndogo?

Hiyo .22 ni kipimo cha upana wa risasi kwa inchi, sawa na milimita 5.6 hivi. Aina inayotumika zaidi ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na mpaka leo iko sokoni. Kichwa cha risasi hiyo, yaani kile kipande kinachoruka, kina uzito wa gramu 2.6 hivi, kama punje nane za mahindi. Cha milimita 9 mara nyingi huwa na gramu 7.5, karibu mara tatu.

Kwa kuwa ni nyepesi na ina baruti kidogo, bastola ya .22 hairudi nyuma kwa nguvu. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa anayeanza. Bastola kubwa hupiga teke, na mkono wa mgeni hujifunza haraka kuliogopa teke hilo. Baada ya risasi chache kidole huvuta kwa pupa, kiganja kinashtuka kabla risasi haijatoka, na tundu linaonekana chini kabisa ya karatasi. Kosa hilo likishaota mizizi, kuling'oa huchukua muda mrefu. Kwa .22 mtu hujifunza kupumua, kutulia na kuvuta polepole bila mwili kujilinda. Katika Olimpiki pia, mashindano ya bastola ya mita 25 hutumia risasi za .22.

Risasi hizi zina kasoro yake. Kiwashio chake kimewekwa kwenye ukingo wa ganda, na hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa risasi kubwa kwamba kifyatulio kimevutwa lakini risasi haikulipuka. Ikitokea hivyo, mtu haigeuzi bastola kuichungulia. Anaiacha ikielekea kwenye shabaha kwa sekunde 30, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa na kulipuka baadaye. Kisha ndipo anaitoa.

Na udogo wake usimdanganye mtu. Kwenye makasha ya risasi hizi huandikwa onyo kwamba zinaweza kufika maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4 hivi. Risasi iliyokosa tuta la udongo inaweza kuufikia mji wa pili. Inaua.

Fedha zako zinanunua nini

Kundi la bei ya chini ni la rivolva, zile bastola zenye silinda inayozunguka, za mtindo wa sinema za wachunga ng'ombe. Kampuni ya Ruger ilitoa ya kwake iitwayo Wrangler mwaka 2019 kwa bei iliyopendekezwa ya dola 249. Heritage Rough Rider ni nyingine ya aina hiyo, na mara nyingi huuzwa chini ya hapo. Risasi huingizwa moja moja, na kila unapopiga unavuta nyundo kwa kidole gumba. Ni kazi ya polepole. Lakini kwa anayejifunza, upole huo ni faida: hana namna ya kumwaga risasi bila kufikiri, na kasha moja linamtosha muda mrefu.

Kundi la kati ni la bastola zinazojipakia zenyewe, zenye magazini ndani ya mpini na umbo linalofanana na bastola za polisi. Taurus, kampuni ya Brazil, ilianza kuuza TX22 mwaka 2019 kwa bei iliyopendekezwa ya dola 349. Ni nyepesi na hubeba risasi 16 kwa magazini moja. Humfaa anayetaka kuzoea umbo la bastola kubwa kwa gharama ya risasi ndogo.

Kundi la tatu, kwa kawaida dola 400 na kuendelea, ni la bastola zilizobuniwa hasa kwa shabaha. Hapa majina yanayotajwa sana ni Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory. Asili ya Ruger inaeleza mengi. William Ruger na Alexander Sturm walianzisha kampuni yao Connecticut mwaka 1949, na kitu cha kwanza walichouza kilikuwa bastola ya .22 kwa dola 37.50. Wazo lao lilikuwa bastola ya shabaha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuinunua. Mark IV, iliyotoka mwaka 2016, ni mjukuu wa bastola hiyo.

Bei tulizotaja ni zile za siku bastola zilipotoka au za miaka ya karibuni. Dukani leo zitakuwa tofauti, na jimbo huongeza kodi yake.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

La kwanza ni mkono. Mkulima anajua kwamba jembe lenye mpini usiomfaa humchosha kabla ya saa nne asubuhi. Bastola ni vivyo hivyo. Kiganja kiujaze mpini bila kujikunja, na ncha ya kidole cha shahada ikifikie kifyatulio bila kuivuta bastola upande. Mwenye mkono mdogo asichukue bastola kwa kuwa rafiki yake anaisifu. Njia nafuu ya kujua ni kukodi mbili tatu uwanjani na kupiga kasha moja kwa kila moja.

La pili ni uzito. Ya plastiki ni rahisi kubeba, lakini uwanjani nzito hutulia zaidi mkononi. Bastola ya shabaha ya chuma yenye mtutu mnene huweza kufika kilo moja na zaidi. Asiyeweza kuishika kwa dakika kadhaa bila mkono kutetemeka achague nyepesi zaidi.

La tatu ni umbali kati ya vilengeo viwili, cha nyuma na cha mbele, ambavyo jicho huvipanga kwenye mstari mmoja. Kadiri vinavyokaa mbalimbali, ndivyo kosa la jicho linavyopungua. Tuseme kilengeo cha mbele kimehama milimita moja tu. Kama umbali kati ya vilengeo ni sentimita 15, risasi itakosa kwa milimita 67 kwenye karatasi iliyo mita 10. Kama umbali huo ni sentimita 25, itakosa kwa milimita 40. Mkono ni ule ule na kosa ni lile lile, lakini matundu yanakaribiana zaidi. Ndiyo sababu bastola za shabaha zina mtutu mrefu, na zile fupi za kuficha mfukoni humkatisha tamaa anayejifunza.

La nne ni kifyatulio. Kikiwa kizito mno au kinakwaruza, mkono huyumba wakati wa kuvuta. Katika Olimpiki, kanuni huweka uzito wa chini kabisa: gramu 500 kwa bastola ya upepo ya mita 10, kama pakiti ya nusu kilo ya sukari, na gramu 1,000 kwa bastola ya .22 ya mita 25. Bastola nyingi za dukani huwa nzito kuliko hapo. Anayeanza hahitaji kifyatulio chepesi sana, kwani chepesi mno huleta ajali. Anachohitaji ni kifyatulio laini chenye kuvutika sawasawa kila mara.

La tano ni vilengeo vinavyorekebishika kwa bisibisi. Risasi za kila kampuni hupiga mahali tofauti kidogo. Kilengeo kisichosogea kitamlazimisha mlengaji kulenga pembeni ili apate katikati.

La sita ni usafi. Risasi za .22 huacha masizi mengi. Bastola za Ruger za matoleo ya zamani zilisifika kwa kulenga na kulaumiwa kwa jambo moja: kuzifungua ni rahisi, kuzirudishia ni kazi ya jasho. Mark IV ilipendwa kwa sababu hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Bastola ngumu kusafisha haisafishwi, na isiyosafishwa hukwama.

Ya mtumba je?

Bastola iliyotumika inaweza kupunguza bei sana, na ya .22 iliyotunzwa hudumu vizazi. Lakini mnunuzi aichunguze. Aangalie ndani ya mtutu kama kuna kutu au uvimbe. Ahakikishe kizuizi cha usalama kinashika. Aulize kama magazini za aina hiyo bado zinapatikana na ni bei gani.

Zaidi ya hayo, atafute namba ya bastola kwenye tovuti ya kampuni. Mwezi Juni 2017 Ruger iliita bastola zote za Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo zirudishwe kutengenezwa bure. Iligundulika kwamba kizuizi cha usalama kikiachwa katikati na kifyatulio kikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka baadaye mtu anaposukuma kizuizi kwenda mahali pa kupiga. Mwenye kununua ya mtumba hawezi kujua kama mmiliki wa kwanza aliipeleka. Kuhakiki namba huchukua dakika chache na hakuna malipo.

Gharama ambazo hazikuandikwa kwenye bei

Vikinga masikio na miwani si mapambo. Mlio wa bastola huzidi desibeli 140, hata wa .22, na mlio mmoja tu wa namna hiyo unaweza kudhuru usikivu kwa maisha. Katika uwanja wa ndani wengi huvaa vizibo ndani ya sikio na vikinga vikubwa juu yake.

Kisha kuna madini ya risasi yenyewe. Kila mlipuko hurusha vumbi la madini hayo, na vumbi hilo huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono inayoshika chakula. Hudhuru zaidi ubongo wa mtoto mdogo. Mlengaji hali wala havuti sigara uwanjani, hunawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa kitu, na hubadili nguo na viatu kabla ya kumbeba mtoto.

Halafu kuna kufuli. Tangu sheria ya mwaka 2005, duka lenye leseni Marekani haliruhusiwi kumuuzia mtu bastola bila kifaa cha kuifungia. Kifaa hicho kinaweza kuwa waya wenye kufuli tu. Nyumba yenye watoto inahitaji kisanduku cha chuma, na risasi ziwekwe kando.

Kuna jambo zito zaidi la kusema hapa. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Upweke wa ugenini, baridi, madeni na kazi za usiku huwaelemea wengi wa ndugu zetu. Mtu anayepita kipindi kigumu, au anayeishi na mtu wa namna hiyo, asiweke bastola ndani. Kukodi uwanjani na kuiacha pale pale kunatosha kwa mchezo.

Na kuna kanuni nne ambazo kila uwanja huzifundisha. Ichukulie kila bastola kuwa ina risasi. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Jua unachopiga na kilicho nyuma yake. Anayezijua hizi nne hazidiwi na mwenye bastola ya dola elfu moja asiyezijua.

Nani haruhusiwi kuigusa

Sasa tufike kwenye swali ambalo wazazi wengi hawajui kuliuliza. Marekani ni nchi ya silaha nyingi, lakini si kila aliyemo ana ruhusa.

Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, umri wa kununua bastola katika duka lenye leseni ni miaka 21. Mnunuzi hujaza fomu, na jina lake huchunguzwa katika mfumo wa serikali ulioanza kazi mwaka 1998. Kwa kawaida bastola hununuliwa katika jimbo unaloishi, na majimbo yana masharti yao: California, kwa mfano, mtu hungoja siku 10 kabla ya kukabidhiwa. Kujiandikisha kuwa wewe ndiye mnunuzi wakati unamnunulia mwingine aliyekupa fedha ni kosa la jinai, hata kama ni rafiki au ndugu.

Kwa wageni, sheria ni kali zaidi. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, kazi au matembezi, kwa kawaida amekatazwa kumiliki au kushika silaha ya moto na risasi zake. Ipo misamaha michache, kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na kibali cha kuwepo nchini amekatazwa kabisa. Mwenye kadi ya kijani ya ukaaji wa kudumu anaweza kununua kama raia akitimiza masharti mengine. Waliopokelewa rasmi kama wakimbizi, wakiwemo wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, hawahesabiwi pamoja na wenye viza za muda, lakini nao wanafanya vyema kumuuliza mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Kwamba katazo hili si la karatasini tu, tunaliona katika kesi ya Hamid Rehaif. Alikwenda Florida kutoka Falme za Kiarabu kwa viza ya masomo. Alama zake chuoni zikawa mbaya, chuo kikamwondoa, na kikamjulisha kwamba hadhi yake ya uhamiaji itakoma asipohamia chuo kingine au kuondoka. Baadaye alikwenda uwanja wa shabaha na kupiga kwa bunduki mbili. Hakumpiga mtu wala kuiba. Alishitakiwa kwa kushika silaha akiwa nchini bila kibali, akahukumiwa kifungo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 21 Juni 2019 majaji 7 dhidi ya 2 walisema serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba alijua hadhi yake imekoma. Uamuzi huo uliwapa mawakili hoja, lakini haukuliondoa katazo. Saa moja ya mchezo ilizaa miaka ya mahakamani.

Kwa mgeni, hukumu ya kosa la silaha inaweza pia kuwa sababu ya kurudishwa kwao. Hivyo ukiona picha ya mwanao akiwa na bastola, usimgombeze kwanza. Mwulize: viza yako ni ya aina gani, na umemuuliza nani kabla ya kuishika?

Njia ya tatu: bastola ya upepo

Kuna mchezo huu huu bila baruti. Bastola ya upepo husukuma kipande kidogo cha milimita 4.5 kwa hewa iliyobanwa au kwa gesi. Sheria ya shirikisho ya Marekani haiihesabu kuwa silaha ya moto, ingawa baadhi ya majimbo na miji ina masharti yake. Ya kupampu kwa mkono kama Crosman 1377 huuzwa chini ya dola 100, na kopo la vipande 500 ni la dola chache. Kila mpigo hugharimu senti mbili au tatu. Uwanja wake ni mita 10, na ni pale pale alipopatia medali Dikeç. Yanayofundishwa na bastola ya .22, yaani kutulia, kulenga na kuvuta polepole, hufundishwa na hii pia.

Hata hivyo nayo si kitu cha kuchezea mtoto. Hutoboa jicho.

Na huku nyumbani?

Haya yote ni ya Marekani. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, pamoja na bodi ya kutoa leseni. Katika nchi zote mbili hakuna kuingia dukani na kutoka na bastola siku hiyo. Lazima leseni iwepo kwanza, na mwombaji huchunguzwa na vyombo vya serikali. Bastola ya upepo nayo isiagizwe mtandaoni kwa kudhani ni mchezo tu. Uliza polisi kabla.

Anayerudi likizo asifungashe bastola, wala magazini, wala risasi moja iliyosahauliwa kwenye mfuko wa begi. Uwanja wa ndege hautamuuliza kama alisahau. Begi alilokwenda nalo kwenye shabaha asilitumie kwa safari.

Kwa ufupi

Mtu mwenye ruhusa ya kisheria na fedha kidogo hufanya hivi: hujifunza kanuni nne, hukodi uwanjani mara kadhaa, kisha huchagua .22 inayoujaza mkono wake, yenye mtutu wa kutosha na rahisi kusafisha. Kabla ya kulipa hutenga fedha za risasi za miezi sita, za vikinga masikio na za kisanduku cha kufuli. Zikizidi mfuko wake, huchukua ya upepo au huendelea kukodi. Asiye na ruhusa hutazama Olimpiki kwenye simu, na hapungukiwi na kitu.

Kama una ndugu aliyeko Marekani kwa viza ya masomo au kazi, mtumie makala hii leo, kabla rafiki zake hawajamwalika Jumamosi.